Saa ya Kompyuta Itakapojaa

Mifumo mingi ya kompyuta, hasa ile yenye asili ya Unix, haina kalenda kama itundikwayo ukutani. Huhesabu sekunde zilizopita tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za Greenwich, kisha huigeuza hesabu hiyo kuwa siku, mwezi na mwaka.

Katika mifumo ya zamani, hesabu hiyo imetengewa nafasi 32, kila moja ikibeba 0 au 1. Nafasi moja hutumika kuonyesha chanya au hasi, hubaki 31. Hivyo, namba kubwa kabisa iwezayo kuandikwa ni 2,147,483,647. Sekunde hizo zitatimia Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Papo hapo namba itageuka kuwa hasi, na mashine isiyorekebishwa itarudi mwezi wa Desemba 1901.

Mwaka 2000 ulileta hofu ya namna hiyo, kwa kuwa programu nyingi ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu. Madhara yalikuwa machache kwa sababu kazi kubwa ya marekebisho ilitangulia.

Tuchukue mfano wa shule katika mji wa wachimba dhahabu kama Nyarugusu, mkoani Geita, inayotumia kompyuta kuukuu kutunza alama na ada. Mwaka 1901 ukiingia katika kumbukumbu hizo, umri wa mwanafunzi utakuwa hasi, na orodha za malipo zitavurugika. Wala hitilafu haingojei 2038: programu ikokotoayo tarehe za mbele huweza kukosea mapema.

Maandalizi yake si magumu. Kwanza, shule iorodheshe mashine na programu zake. Mfumo wa nafasi 64 watosha kwa miaka bilioni 292, lakini hauiokoi programu inayohifadhi tarehe kwa nafasi 32. Pili, nakala za kumbukumbu zihifadhiwe pembeni. Tatu, kompyuta isiyo na kumbukumbu muhimu, iliyotengwa na mtandao, isogezwe saa hadi dakika moja kabla ya wakati huo, na matokeo yaandikwe.

Wanafunzi wasio na kompyuta wanaweza kuanza kwa kalamu. Wagawanye 2,147,483,647 kwa 86,400, yaani sekunde za siku moja. Watapata siku 24,855 na baki ya sekunde 11,647. Wahesabu siku hizo kuanzia 1970, bila kusahau miaka mirefu 17, waone zinakoishia.