Anayetazama Bunge Handeni Ana Ushahidi Wake

Bunge la Bajeti, linaloketi Dodoma kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, hufungua kikao saa tatu asubuhi. Dua ikishasomwa na hati kuwekwa mezani, maswali huanza. Mbunge husimama, hutaja namba ya swali lake na kuomba lipatiwe majibu. Naibu waziri huja mbele akiwa na jibu lililoandikwa, naye mbunge hupewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza. Katika mgahawa wa Chanika au Mkata, huku Handeni, wenye runinga ukutani, hapo ndipo kelele huanza pia: huyu anaguna, yule anacheka, mwingine anamwambia waziri kwa sauti kwamba bomba analolisema halijatoa maji tangu mwezi uliopita. Wako wanaoona huo ni upotezaji wa siku na soga za wasio na kazi. Naliona jambo hilo kinyume kabisa. Mtu wa Handeni anayelijibu Bunge akiwa mbele ya runinga anatoa ushahidi ambao hakuna mwingine anayeweza kuutoa, na ndiyo maana anastahili kuonyeshwa kikao chote, moja kwa moja, bila kukatwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni maji. Mradi wa HTM (Handeni Trunk Main), uliojengwa miaka ya 1970, huvuta maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni, wilaya ambayo kwa miaka mingi imeishi kwa malambo, visima na ndoo za kununua. Mitambo ilichakaa, watu wakaongezeka, na suala la HTM likawa halikosi bungeni. Juni 2022 ilitiwa saini mikataba ya mradi wa maji wa Miji 28, kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India, na Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo. Sasa fikiria jibu la wizara linaposomwa: mkandarasi yuko kazini, utekelezaji umefikia asilimia kadhaa, wananchi waendelee kuwa na subira. Mbunge wa mkoa mwingine hana namna ya kulipima jibu hilo. Mwandishi wa habari aliye Dodoma hana. Spika naye hana. Anayeweza kulipima ni mama wa Chanika anayejua ndoo aliinunua bei gani jana, na fundi aliyepita asubuhi hiyo kwenye mtaro wa bomba akaona kama kuna mtu anayechimba.

Ndiyo sababu vipindi vya Bunge vinavyokumbukwa nchini ni vile ambavyo wananchi walivifuata wenyewe. Februari 2008, Dk. Harrison Mwakyembe aliposoma ripoti ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, nchi ilisikiliza hoja baada ya hoja, na siku iliyofuata Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu. Novemba 2014 likaja sakata la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, Zitto Kabwe akiwasilisha ripoti ya Kamati ya Hesabu za Serikali, na mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu, Jaji Frederick Werema, akaachia ngazi. Sidai kwamba runinga ndiyo iliyowaondoa viongozi hao. Kazi ilifanywa na kamati na wabunge. Lakini mjadala unaofuatiliwa na nchi nzima ni vigumu kuuzima kimyakimya usiku.

Hata hivyo, Januari 27, 2016, Nape Nnauye, wakati huo Waziri wa Habari, aliliambia Bunge kwamba runinga ya taifa, TBC, isingerusha tena vikao vyote moja kwa moja. Gharama zilitajwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni nne kwa mwaka, na ikaelezwa kwamba vikao hufanyika saa za kazi, wakati wananchi wengi wako kwenye shughuli zao. Badala yake kingekuwapo kipindi cha usiku cha yaliyorekodiwa. Wabunge wa upinzani walipinga kwa nguvu, na siku hiyo polisi waliingia ukumbini. Hoja ya gharama si ya kudharauliwa. Bilioni nne zinachimba visima vingi. Lakini Bunge lenyewe hugharimu mabilioni, na kazi yake, kwa ibara ya 63 ya Katiba, ni kuisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi. Kumlipa mwakilishi kisha kubana fedha za kumwezesha anayewakilishwa kumsikia ni kubana pasipofaa. Kuhusu saa za kazi, mkulima wa machungwa wa Kabuku huingia shambani alfajiri, na jua likishakuwa kali hutafuta kivuli. Fundi cherehani, muuza duka na kinyozi hufanya kazi huku runinga au redio ikisema. Hawakuhitaji kuchaguliwa saa ya kusikiliza.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kamera huwageuza wabunge kuwa waigizaji. Ni kweli, vijembe huongezeka. Uingereza waliogopa jambo hilo hilo, ndiyo maana Bunge lao la Makabwela halikuonyeshwa kwenye runinga hadi Novemba 1989. Ila ukitazama kwa siku nzima, vijembe huchosha upesi, na mbunge asiye na hoja huonekana hivyo. Anayemnufaisha mwigizaji ni kipande cha sekunde thelathini kinachorushwa kwenye simu: kijembe kimo, jibu la waziri halimo. Siku hizi vikao hupatikana mtandaoni, jambo jema, lakini kikao cha saa nne hula bando ambalo wengi vijijini hawana.

Wengine husema kwamba tangu uchaguzi wa 2020 ulioipa CCM karibu viti vyote vya majimbo, hakuna tena cha kutazama. Mimi nasema palipopungua wapinzani ukumbini ndipo mtazamaji anahitajika zaidi. Februari 2022 Bunge lilijadili suala la wakazi wa hifadhi ya Ngorongoro, mamia ya kilomita kutoka Handeni. Miezi minne baadaye familia za kwanza kutoka huko zilihamia Msomera, wilayani Handeni, na maswali ya ardhi, malisho na maji yakawa ya hapa hapa nyumbani. Aliyefuatilia mjadala ule tangu mwanzo alikuwa na la kuuliza mapema.

Basi kelele za mgahawani ziende wapi? Zikiishia pale, wakosoaji wana haki. Lakini sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukae angalau kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mtu mzima ana nafasi ya kusema. Taarifa rasmi za Bunge, neno kwa neno, huwekwa kwenye tovuti ya Bunge. Aliyemsikia naibu waziri akiahidi maji anaweza kuitafuta siku ile, akachapishiwa ukurasa ule mmoja dukani, akausoma mkutanoni mbele ya diwani na mtendaji, kisha akauliza tarehe.