BONETI LINANG'AA, CHINI YAKE VIPI?
Pikapu ya kale ni dili, lakini usiuze sura huku injini inachemka!

Na Mwandishi Wetu

WAJANJA wa mjini wanasema sura ya gari ni boneti. Ndiyo maana kijana wa Tunduma, Vwawa au Mlowo akishashika vijisenti vya kahawa, vya mahindi au vya mihangaiko ya mpakani, akaikomboa ile pikapu ya Land Rover 109 iliyolala miaka uani kwa mzee, cha kwanza anachokimbilia ni boneti. Anataka rangi nyeusi ya kufa mtu, anataka pua ya kuvutia hewa, anataka na tairi la akiba lilazwe juu kama kofia.

Si vibaya, ujana maji ya moto. Lakini kuna wanaoanzia juu na kuna wanaoanzia chini. Wanaoanzia juu ndio unaowakuta kando ya barabara, boneti liko wazi, mvuke unapanda kama chungu cha makande, na yule sistaduu aliyepewa lifti anapungia mkono Coaster. Aibu yake usipime!

Ujumbe wa leo ni mmoja tu: pesa ya chini ya boneti itangulie, pesa ya boneti lenyewe iwe ya mwisho.

MZEE MWENYE HISTORIA

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam, Uholanzi, Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeisha na Uingereza chuma kilikuwa cha mgao, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo maana mpaka leo bodi ya mzee haili kutu kama ndugu zake, ingawa chasisi yake ni chuma na kutu inaijua vizuri.

Zile 109 nyingi zinazotafutwa na vijana ni za toleo la tatu, lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Hiyo 109 ni inchi, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Mrithi wake, Defender, alikoma kutengenezwa kwa muundo wake wa zamani Januari 2016, mwaka uleule mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya.

Na usidhani mapenzi haya ni ya Songwe peke yake. Oktoba 2024 wenye Land Rover walifurika Arusha kwenye tamasha lao, shabaha ikiwa kuipiku rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Kwa hiyo ukiona mshikaji anaihangaikia 109 usimcheke, ana wenzake.

INJINI YA KUAZIMA

Injini ya asili ya petroli ni ya cc 2,286. Ni mvumilivu, ila kwa mafuta inakunywa kama ina msiba. Wengi wanaing'oa na kuweka dizeli ya mtumba, mojawapo ikiwa Toyota 3L ya cc 2,779, ambayo spea zake zinapatikana na mafundi wanaijua.

Hapo ndipo kasheshe inapoanza. Injini ngeni haikai mahali pa ile ya zamani mpaka itengenezewe vikalio. Ikikaa juu mno, inagonga boneti. Ikikaa mbele mno, feni inakula rejeta. Kabla hujalipa, mwambie fundi afunge boneti kabisa, injini iwashwe, gia iingizwe na gari livutwe kidogo. Injini hutikisika ikivuta mzigo, na nafasi iliyotosha gari likiwa limezimwa inaweza isitoshe kwenye mlima.

Sasa sikiliza hili, ndilo la kufa na kupona. Kama pikapu yako ina sevo ya kupunguza ugumu wa breki, ujue injini ya petroli ilikuwa inaipa nguvu kwa mvuto wa hewa yake. Dizeli haina mvuto huo. Lazima iwe na pampu yake ya kuvuta hewa, ambayo kwenye hizi za Toyota kwa kawaida hukaa nyuma ya altaneta. Ukisahau bomba lile, kanyagio linakuwa gumu kama jiwe. Fikiria unateremka Mlima Senjele, umebeba magunia, mbele yako lori la Zambia, nyuma yako basi la Dar. Boneti linalong'aa litakusaidia nini hapo?

MBONA LINACHEMSHA?

Nyanda za Mbozi ziko juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala hayafiki 100. Kinachoyazuia ya kwenye rejeta yasichemke mapema ni kile kifuniko chenye springi, kwa sababu kinayabana maji na kuyapandishia kiwango cha kuchemka. Sasa wewe umeweka injini nzima, halafu unafunga rejeta kwa kipande cha nailoni na waya! Nunua kifuniko, bwana.

Mtego mwingine ni hali ya hewa. Asubuhi ya baridi Vwawa, hata gari bovu linaonekana zima. Literemshe Kamsamba kwenye joto la bonde la Rukwa, lipakie mpunga, kisha lipande kurudi kwa gia ya pili. Hapo ndipo ukweli unajitokeza. Ikichemsha vibaya, silinda hedi inaweza kupinda au kupasuka, na pesa ya rangi inaishia kwa fundi.

Kwa hiyo angalia mambo matatu. Moja, rejeta iwe imezibuliwa na itoshe injini mpya. Mbili, feni iwe na kava lake la pembeni, ili hewa yote ipite kwenye rejeta badala ya kuzunguka ovyo. Tatu, kama ni feni ya umeme, hakikisha inavuta hewa kuingia ndani. Waya zikigeuzwa inazunguka kinyume, inapigana na upepo wa barabarani.

WAYA KAMA TAMBI

Fungua maboneti kumi, utakuta waya zimefungwafungwa kwa tepu kama tambi za Idi. Huo ni moto unaosubiri siku yake. Kila waya mkubwa unaotoka kwenye betri kwenda kwenye taa na redio uwe na fyuzi karibu na betri yenyewe. Waya ukipita kwenye tundu la bati, weka mpira, la sivyo bati litaukata taratibu kila gari linapotikisika. Waya na mabomba ya mafuta yakae mbali na eksozi.

Na betri ifungwe kwa mkanda imara. Boneti la aluminiamu linapitisha umeme vizuri sana. Betri ikiruka kwenye shimo na vichwa vyake vikagusa boneti, cheche zake hutazisahau.

HAYA, SASA TUJE KWENYE BONETI

Umefika hapa salama? Haya, jipambe.

Ukitaka kutoboa matundu ya kutolea joto, yaweke nusu ya mbele ya boneti, nyuma kidogo ya rejeta. Gari likikimbia, hapo upepo juu ya boneti huwa hauna mgandamizo mkubwa, hivyo joto hutoka. Ukitoboa karibu na kioo cha mbele, upepo umejazana pale na unaweza kuingia badala ya kutoka. Halafu masika yapo: tundu lisiwe juu ya altaneta.

Usikubali kila mchomeleaji aliguse boneti lako. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi, aluminiamu kwenye 660. Fundi wa mageti atakuachia tundu la kupitisha ngumi. Kiraka cha aluminiamu kipigwe ribiti. Ukifunga chuma juu yake, tenganisha kwa mpira au rangi, kwani vikigusana na maji, aluminiamu inaliwa.

Rangi nayo haishiki kwenye aluminiamu tupu. Piga msasa, futa mafuta, tumia praima maalumu ya aluminiamu, ndipo upulize rangi yako. Puti ipakwe nyembamba. Boneti hutikisika mno, na puti nene itabanduka kama ganda la yai.

Vipi kuhusu tairi juu? Ni staili ya Land Rover tangu enzi, lakini ni mzigo wa kilo kadhaa juu ya kichwa cha anayekagua oili. Weka kijiti imara cha kushikilia boneti, imarisha fremu kwa chini, na ongeza kufuli pembeni. Boneti likifunguka kwenye mwendo linakuja kukuziba kioo chote.

USISAHAU KADI

Ukibadilisha injini au rangi, taarifa za kadi ya gari zibadilishwe TRA. Mji wetu ni wa mpakani, na kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019. Namba ya injini ikipishana na ya kwenye kadi, maelezo yako hayatakwisha leo.

Basi mshikaji, nakshi ni zako na pesa ni zako. Ila siku washkaji watakapokuomba ufungue boneti waone, ufungue kwa kujidai, si kwa sababu limechemsha.