Bangili moja, bei tatu: wauzaji wa dhahabu iliyovaliwa wanapoteza wapi?

Aliyekuwa na bangili sita za karati 22 kabatini amekuwa tajiri bila kuinuka kitini. Bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 2,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza Agosti 2020. Machi 2025 ikavuka 3,000, na Oktoba ya mwaka huohuo ikavuka 4,000. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, kwa hiyo kwa bei hiyo ya mwisho gramu moja ya dhahabu safi inakaribia dola 129. Kuanzia Mkunazini, Zanzibar, hadi Kisutu, Dar es Salaam, hadi Mji wa Kale wa Mombasa, watu wanafungua vitambaa vilivyofungiwa vidani vya mama zao na kuuliza: mnanunua kwa ngapi?

Jibu hutofautiana kwa kila mlango, na mara nyingine ndani ya mlango uleule kati ya asubuhi na mchana. Biashara hii ni ya zamani kuliko benki nyingi za ukanda huu, na kwa familia nyingi za pwani ndiyo akaunti ya akiba yenyewe. Mahari, ada ya shule, gharama za hospitali, nauli ya kwenda Muscat, vyote vimepita juu ya mizani ya sonara. Inashangaza kwamba bado haina bei ya kubandikwa ukutani.

Asubuhi moja niliketi kwenye benchi la duka la sonara katikati ya Dar es Salaam, kwa ruhusa ya mwenyewe. Aliingia mama wa makamo, akatoa leso, akafungua fundo. Zilikuwa bangili mbili nyembamba, zimepinda kidogo kwa kuvaliwa. Sonara alizipima: gramu 23.4. Akachukua jiwe jeusi la kupimia, akasugua ukingo wa bangili moja mpaka ukabaki mstari wa njano. Kando yake akachora mstari mwingine kwa sindano ya majaribio yenye ncha ya karati 22, kisha akadondosha tindikali juu ya yote miwili. Mstari wa sindano ulibaki vilevile. Ule wa bangili ulififia kidogo.

"Ishirini na moja hii, mama yangu."

Mama alimwonyesha kwa ndani: imegongwa 916, alama ya karati 22. Sonara akajibu kwa upole kwamba muhuri hugongwa na binadamu. Akabonyeza kikokotoo, akakigeuza ili mama aone. Mama alikataa mara moja, tarakimu ikapanda kidogo, akakubali. Hazikupita dakika kumi tangu aingie.

Tufanye hesabu kwa bei ya dola 4,000. Gramu 23.4 za karati 22 zina dhahabu safi gramu 21.4. Zikiitwa karati 21, dhahabu safi inahesabiwa kuwa gramu 20.5. Tofauti inakaribia gramu moja, yaani dola 120 na ushei, na imetokana na mstari uliofifia. Mzigo huohuo ukishushwa hadi karati 18, dhahabu inayohesabiwa ni gramu 17.5 tu. Wauzaji wengi niliozungumza nao wanaogopa mizani iliyochezewa. Nionavyo mimi, mizani siyo hatari kubwa siku hizi. Hatari iko kwenye jiwe.

Mama alipoondoka nilimuuliza sonara kwa nini alisugua pale na si kwingine. Alikiri, bila kukunja uso, kwamba alisugua karibu na kiungo. Pale bangili inapoungwa hutumika lehemu ya karati ya chini ili iyeyuke kabla ya bangili yenyewe, kwa hiyo eneo hilo husoma chini kila mara. Lakini, akasema, bangili ikiyeyushwa lehemu nayo huyeyuka humo humo, na donge linalopatikana halifiki 22 kamili. Kwa hiyo amenunua kile atakachokipata. Hoja hiyo ina ukweli. Ina ukweli pia kwamba lehemu ni sehemu ndogo sana ya bangili, na kwamba mama yule hakuambiwa asuguliwe mahali pawili ili alinganishe. Anayekwenda kuuza ana haki ya kuomba hivyo, na sonara anayekataa amekwisha kumpa jibu.

Mwenye duka hilo ni kizazi cha tatu katika kazi hii. Malalamiko yake ni marefu, na nimeona nimpe nafasi kwa sababu wauzaji husikika na wanunuzi husikika kidogo. Anasema watu humwona mwizi kwa sababu hulinganisha bei yake na bei waliyoiona kwenye simu. Ile ya kwenye simu, anasema, ni ya dhahabu safi iliyo katika mche, iliyothibitishwa, ikiwa London, mahali ambapo bei hutangazwa mara mbili kila siku ya kazi. Yeye hununua kitu kilichovaliwa jasho, chenye mawe, chenye nta ndani ya tundu la bangili za kizamani, na lazima akiyeyushe, akisafishe, asubiri. Moto una makato yake. Wakati huo bei inaweza kushuka. Mwaka 2013, anakumbuka, ilianguka kwa siku chache za Aprili akiwa amejaza sanduku, na hadi leo akilisimulia jambo hilo hushika kichwa.

Lakini linalomuuma zaidi ni dhahabu ya wizi. Kijana anakuja na mkufu, anasema ni wa marehemu mama yake, hana risiti. Nani ana risiti ya mkufu wa 1985? Sonara ananunua. Baada ya wiki mbili askari wanafika na mlalamikaji, mkufu unachukuliwa kama kielelezo, na yeye anabaki na hasara na jina la mpokea mali ya wizi. Anadai limempata zaidi ya mara moja. Siku hizi huandika jina, hunakili kitambulisho, hupiga picha pambo, na kwa mtu asiyemfahamu hukata zaidi kwa ajili ya hofu hiyo. "Mwema anamlipia mwizi," alisema, na hakuonekana kujivunia. Nilimwamini katika hili. Sikumwamini aliposema makato yake ni yaleyale kwa kila mteja, maana nilikaa pale saa tatu na niliona mzee aliyekuja na kijana wake mwenye kikokotoo akihesabiwa tofauti na mama aliyekuja peke yake na leso.

Kwa upande wa serikali, ofisa mmoja anayeshughulika na vipimo, aliyeomba asitajwe, alirudia mara kadhaa kwamba mizani ya masonara huhakikiwa kila baada ya miezi 12 na kubandikwa stika, na kwa hiyo mwananchi analindwa. Stika niliziona kweli, katika maduka mawili kati ya matatu niliyopita. Ila stika inathibitisha kwamba gramu ni gramu. Haisemi lolote kuhusu karati, na tumekwisha kuona kwamba fedha hupotelea huko. Nilipomuuliza nani huhakiki sindano za majaribio na ukali wa tindikali, alisema suala hilo linahitaji ushirikiano wa taasisi mbalimbali. Kwa uzoefu wangu wa kuandika habari za biashara, ushirikiano wa aina hiyo haujawahi kumrudishia mama yeyote gramu yake.

Jambo hili linaniudhi hasa nikikumbuka yaliyofanyika kwa dhahabu inayotoka ardhini. Tangu 2019, lilipofunguliwa soko la madini la Geita na mengine yakafuata mikoani, mchimbaji mdogo wa Tanzania ana mahali pa kwenda. Dhahabu yake hupimwa kwa mashine ya eksirei inayosoma asilimia ya dhahabu kwa sekunde, bila tindikali, na bei elekezi ya siku hujulikana kabla hajafungua mfuko. Mwaka huohuo wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 ili wasishawishike kuuza kichochoroni. Mfumo huo una kasoro zake, na wachimbaji wanazisema. Hata hivyo umeonyesha kwamba inawezekana. Dhahabu ni ileile. Ikitoka shimoni ina soko na bei ya siku. Ikitoka mkononi mwa mwanamke inapimwa kwa jiwe na jicho la anayeinunua.

Mashine hizo za eksirei zimo katika baadhi ya maduka makubwa ya mijini. Sonara wangu hana. Anasema ni ghali mno kwa duka la ukubwa wake. Anayetaka kuuza mzigo mzito, kidani chenye gramu mia kwa mfano, afadhali atafute duka lenye mashine hata kama ni la ng'ambo ya mji, apimiwe, na aombe matokeo kwa maandishi kabla ya kuzungumza bei. Kinachosomwa ni juu ya pambo tu, kwa hiyo lililopakwa dhahabu nene linaweza kudanganya, lakini kwa bangili na mikufu ya kawaida ni bora kuliko mstari uliofifia.

Kuna pia mtego wa kubadilisha. Maduka mengi hutoa bei nzuri kidogo kwa anayeacha dhahabu ya zamani na kuchukua mpya, na wateja hufurahi. Tofauti hurudi kwenye gharama ya ufundi ya pambo jipya, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, ambazo siku ya kuuza hazirudi hata senti. Kidani chenye nakshi nyingi ndicho kinachoumiza: ulilipia kazi ya mikono ya wiki nzima, unauza uzito. Dukani uliza bei ya fedha taslimu na bei ya kubadilisha kila moja peke yake, na kabla ya yote mawe yatolewe mbele yako na urudishiwe. Wapo wanaotoa uzito wa mawe kwa kukisia, kisha mawe yanabaki kwao.

Wenye ndugu Dubai huwatumia wauze huko. Katika soko la dhahabu la Deira bei ya gramu kwa karati 24, 22, 21 na 18 huonyeshwa hadharani kila siku, na hilo peke yake linapunguza maneno mengi. Mnunuzi wa huko naye hukata, na kusafiri na mzigo bila karatasi za forodha kuna hatari zake. Kwa bangili mbili haifai. Kwa urithi wa familia nzima, wapo waliofanya hesabu na wakaona inalipa.

Neno moja kuhusu saa za dhahabu, maana zinakuja kwa masonara zaidi ya nilivyodhani, hasa kutoka familia zenye wazee waliowahi kuishi Oman au Zanzibar ya zamani. Sonara huzipokea kama dhahabu chakavu: anaondoa kioo, mkanda wa ngozi na mtambo, anapima kasha lililobaki, mara nyingi karati 18 yenye alama 750, basi. Nilionyeshwa bakuli la mitambo ya Kiswisi iliyotolewa hivyo, midogo kama sarafu, mingine bado inatikisika gurudumu ukiiinua. Katika saa nzuri mtambo, sanduku na cheti cha kununulia vinaweza kuwa na thamani kuliko kasha, na saa ikishafunguliwa kwa koleo haiuziki tena kama saa. Mwenye nayo aanze kwa fundi saa mzoefu, hata kama atalipa ada ya kuiangalia. Kwa sonara aende akishaambiwa haina wa kuinunua.

Kuhusu bei ya kesho, masonara wanne walinipa majibu matatu. Wawili wanaamini itaendelea kupanda na wanawashauri wateja wasubiri, ushauri ambao ni vigumu kuuelewa kutoka kwa mtu anayeishi kwa kununua. Mwingine anakumbuka 2013. Wa nne anasema tu kwamba msimu wa harusi hununua vizuri zaidi kwa sababu chakavu chote kinageuka bangili mpya ndani ya wiki, na hilo angalau niliweza kuliona kwa macho. Kama bei elekezi itawahi kuwafikia wauzaji wa mapambo sijasikia kwa yeyote anayeweza kuliamua, na ofisa wangu wa vipimo alibadilisha mazungumzo.

Alasiri ya siku ile nilirudi dukani kuchukua daftari nililolisahau. Nyuma ya pazia fundi alikuwa amewasha moto, na bangili mbili za yule mama zilikuwa tayari ndani ya kalibu pamoja na hereni zisizo jozi na kipande cha mkufu. Muhuri wa 916 ulikuwa umekwisha kuyeyuka. Kama angerudi kulalamika, hakuna kitu ambacho mtu yeyote angeweza kukisugua tena.