Ngeli ya 0: Programu Mbili Zinapopishana Matoleo

Sisi wanafunzi watano tunaandaa kamusi ndogo ya Kiluba hapa Lubumbashi. Asubuhi moja nilikuta neno muntu limewekwa katika ngeli ya 0. Kila anayesoma lugha za Kibantu anajua kwamba ngeli hiyo haipo. Kosa lilikuwa langu.

Kamusi yetu inaendeshwa na programu mbili za Java, kila moja katika mashine yake: ya kwanza inapokea maneno ya wakusanyaji, ya pili inayahifadhi. Zinapelekeana kifurushi kiitwacho Neno, chenye nafasi za umbo, maana na ngeli. Ngeli ilikuwa namba moja tu. Nikaona afadhali ziwe mbili, ya umoja na ya wingi: 1 na 2 kwa muntu, bantu. Katika programu ya kwanza nikafuta nafasi ya zamani, nikaweka mbili mpya. Ya pili sikuigusa.

Java hutambua toleo la kifurushi kwa alama iitwayo serialVersionUID. Usipoiandika mwenyewe, Java huikokotoa kutokana na muundo wa kifurushi; muundo ukibadilika, alama hubadilika, na mpokeaji hukataa waziwazi. Mimi nilikuwa nimeiandika, na sikuibadilisha. Mpokeaji akakubali kifurushi, akakosa ngeli, akajaza 0 kimya kimya. Git ilikuwa imetunza kila badiliko la msimbo wetu, lakini Git haijui ni toleo gani linaloendeshwa katika mashine ipi.

Sasa tunafuata utaratibu huu. Kwanza, kila toleo lina namba tatu, mfano 2.3.1. Ya mwisho hupanda tukisahihisha kosa, ya katikati tukiongeza jambo lisilomsumbua mpokeaji wa zamani, ya mwanzo tukivunja maelewano. Pili, hatufuti nafasi siku ile ile tunapoleta mpya: anayetuma hujaza zote mbili. Tatu, mpokeaji hubadilishwa ili asome nafasi mpya. Nne, nafasi ya zamani hufutwa pale tu ambapo hakuna programu inayoisoma tena.

Kwetu wanaisimu hili si geni. Umbo jipya la neno haliui la zamani kwa usiku mmoja. Bibi na mjukuu huishi nyumba moja, kila mmoja na umbo lake, na wanaelewana. Programu nazo zahitaji kipindi hicho.

Maneno mengi niliyarekebisha kwa kutazama kiambishi. Lakini mu- peke yake haitoshi: yaweza kuwa ya ngeli ya 1 au ya 3, na wingi ndio unaoamua, ba- au mi-. Maneno kumi na mawili ya namna hiyo, majina ya wadudu na mimea, tulipewa na nkambo mmoja ambaye sasa amerudi kwao Kamina. Mpaka tutakapomfikia na kumuuliza tena, katika kamusi yetu yanabaki na 0.