Kabla ya Kulaumu Mbegu

Ng'ombe wa maziwa akipandishwa mara tatu bila kushika mimba, lawama humwangukia mhimilishaji, au mbegu, au uzee wa ng'ombe mwenyewe. Kweli, mbegu mbovu zipo, na wapo wafugaji wanaochelewa hadi joto likapita. Lakini mtamba ambaye hajazaa bado hushika mimba kwa urahisi kuliko ng'ombe anayekamuliwa, hata mbegu ikiwa ileile. Tofauti hiyo imeonekana katika nchi nyingi, nayo inatupeleka kwenye wiki za kwanza baada ya kuzaa. Wakati huo maziwa hupanda upesi na kufikia kilele kati ya wiki ya 4 na ya 8, ilhali hamu ya kula hukawia hadi wiki ya 10 au zaidi. Ng'ombe huziba pengo kwa kuyeyusha mafuta yake, ndiyo maana mifupa ya nyonga huchomoza hata hori likiwa limejaa. Insulini hushuka, ubongo hupunguza homoni zinazokomaza yai, na joto huchelewa. Kwa ng'ombe wa maziwa mengi, ini nalo huondoa homoni za uzazi haraka, hivyo joto huwa fupi: usiku atasimama apandwe na wenzake, asubuhi mfugaji anamkuta ametulia.

Je, umri hauna neno? Unalo, ila hupitia njia hiyohiyo ya chakula na afya. Aliyezaa mara ya kwanza bado anakua, kwa hiyo lishe yake inagawanywa kati ya maziwa na mwili wake. Kuanzia ndama wa tatu, homa ya maziwa huongezeka, na anayeipata huwa katika hatari kubwa ya kubakiza kondo la nyuma na kuambukizwa kizazi. Kumuuza kwa kuwa “amezeeka” mara nyingi ni kumhukumu kwa maradhi yanayokingika.

Mfugaji atasema mashudu na pumba ni ghali. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuchagua wakati wa kuvitoa, maana kilo inayotolewa mwezi wa sita wa kukamua haiokoi mimba iliyokosekana mwezi wa tatu. Wala kumnenepesha sana kabla hajazaa si dawa, kwani aliyenona kupita kiasi hula kidogo akishazaa, na mafuta huelemea ini lake. Mfugaji, mkaushe siku 60 kabla ya kuzaa, azae akiwa na mwili wa wastani, na majani yako bora uyaweke kwa ajili ya miezi miwili inayofuata.