Kabla ya Kutoa Makuta ya Njia, Tufuate Maji



Mwaka jana kwenye avenyu yetu kila nyumba ilitoa makuta ya kutengeneza njia. Sima ikanunuliwa, vijana wakachimba kanivo upande wa juu, na sisi wote tukafurahi. Mvua ya kwanza ilipofika, kanivo ilifanya kazi yake sawasawa: ilibeba maji yote na kuyamwaga pale ilipoishia, kwenye mlango wa mama mmoja mjane. Alilala siku tatu kwa jirani.

Sasa wanapita tena na daftari, na watu wengi wanakataa. Baba naye amekataa. Mimi nasema shida haikuwa feza, maana feza ilikuwako. Shida ni kwamba hakuna mtu aliyeuliza: maji itaenda wapi?

Tuangalie mji wetu. Uvira ni kipande chembamba cha nchi kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Mvua ikinyesha juu, maji inashuka kwa haraka sana, na avenyu zinazotoka mlimani kwenda ziwani zinakuwa mito. Hatujasahau usiku wa tarehe 16 kwenda 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipotoka kwenye njia yake. Watu zaidi ya 40 walikufa, na maelfu ya nyumba ziliharibika. Tena ziwa lenyewe lilipanda sana katika mwaka 2021 na 2024. Kanivo ambayo mdomo wake uko chini ya maji ya ziwa haiwezi kumwaga kitu.

Kwa hiyo mpango wa njia unaanzia chini, si juu. Kwanza tujue maji itaingia mto gani, au itafika ziwani kwa wapi. Pili, tuone inavuka nini. Ikiwa inavuka njia kubwa, lazima mabomba makubwa ya sima yapite chini yake. Tatu, tupime upana wa kanivo kwa mvua kubwa, si kwa mvua ya siku moja tu. Nyuma ya hapo ndipo tuhesabu sima, mawe, mchanga na mishahara. Kazi nayo inaanzia chini na kupanda. Ukianza juu na feza ikaisha katikati, unakuwa umempelekea jirani mafuriko.

Sasa feza inatoka wapi? Inategemea njia ni ya nani. Njia ya Taifa namba 5, ile inayopita katikati ya mji wetu, iko mikononi mwa Office des Routes. Njia za ndani ya miji zina Office des Voiries et Drainage, iliyoundwa mwaka 1987, pamoja na meri. Kuna pia mfuko wa taifa wa kutunza barabara, FONER, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Feza yake inatoka kwenye mafuta ya gari na kwenye vizuizi vya malipo. Basi hata mwenye pikipiki anayenunua litre moja ya esansi amekwisha kulipia njia. Sheria nyingine ya mwaka ule ule inasema kwamba miji, komini, sekta na sheferi zina haki ya asilimia 40 ya sehemu ya feza ya taifa inayopewa jimbo. Bila shaka, kuandikwa ni jambo moja na kufika ni jambo lingine. Lakini anayejua haki yake anaweza kuuliza kwa heshima, na kwa barua.

Je, wananchi hawana kazi? Wanayo. Kule Dar es Salaam, kwenye mtaa wa Hanna Nassif karibu na bonde la Msimbazi, mafuriko yalikuwa yakiingia nyumbani kama kwetu. Kuanzia mwaka 1994, wenyeji waliunda chama chao, wakasaidiwa na Shirika la Kazi la Kimataifa, UNDP na Ford Foundation. Mafundi walipima, wenyeji wakachimba mifereji na kutengeneza njia kwa mikono yao, wanaume na wanawake, wakilipwa mshahara. Msaada ulikutana na watu waliokwisha kujipanga.

Wenzangu, siku ya posho tunapofanya salongo, tunatoa taka ndani ya kanivo, na siku ya pili zimerudi. Kutunza pia ni sehemu ya mpango, na kunaomba makuta kidogo kila mwezi, si mara moja tu.

Naomba hivi: kabla ya mvua kurudi, kila darasa lichore karte ya avenyu moja, lionyeshe maji inatoka wapi na inaishia wapi. Mwalimu wa jeografia atusahihishe, kisha tuipeleke kwa shefu wa avenyu na shefu wa kartie. Karte yetu mimi nimeanza. Mlango wa yule mama umo, na alama nyekundu. Baba ameitazama, akasema: wakimwonyesha kanivo itakapoishia, atatoa.

Kapita wa wanafunzi, finalisti