Duka Chini, Makao Juu: Paa ni la Nani?

Jengo lenye maduka chini na nyumba za kuishi juu si jambo geni kwa wakazi wa miji yetu. Jijini Edinburgh, Uskoti, majengo ya aina hiyo yamesimama kwa zaidi ya miaka 200, na hadi leo watu wanaishi na kufanya biashara ndani yake.

Mengi yako katika Mji Mpya wa Edinburgh, uliojengwa kwa kufuata ramani ya James Craig iliyopitishwa mwaka wa 1767. Mtindo wake huitwa Georgian, kutokana na wafalme wanne walioitwa George waliotawala Uingereza kwa kufuatana kuanzia 1714 hadi 1830.

Kuta zake ni za mawe ya mchanga yaliyochongwa, mengi yakitoka machimbo ya Craigleith. Maduka hufungukia barabarani. Kando yake kuna mlango wa wakazi unaoingia kwenye ngazi ya mawe inayotumiwa na wote, na katika kila orofa kuna milango ya nyumba. Ngazi nyingi hupata mwanga kupitia kioo kilichowekwa paani. Madirisha ni marefu, yenye fremu zinazosukumwa juu na chini, na yale ya orofa ya juu kabisa huwa mafupi zaidi.

Kwa vile kila nyumba na kila duka linaweza kuwa na mwenyewe, swali huzuka: paa likivuja, nani atalipa? Anayelowa ni wa juu, lakini maji yakiachwa huoza mbao na kudhoofisha kuta zinazowabeba wote. Sheria ya Uskoti ya mwaka wa 2004 kuhusu majengo haya inajibu hivi: pale ambapo hatimiliki hazina utaratibu wake, wamiliki huamua ukarabati kwa wingi wa kura, na gharama za paa, msingi na kuta za nje hugawanywa kati yao. Mwenye duka la chini naye huhesabiwa.

Nchini Kenya, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 inaruhusu kila nyumba au duka ndani ya jengo kuwa na hati yake. Wamiliki huunda shirika la kusimamia sehemu za pamoja kama vile paa, ngazi na mabomba, nao huchangia gharama.

Wakazi wanaonunua sehemu ya jengo wanahimizwa kuuliza mapema: sehemu za pamoja ni zipi, mchango ni kiasi gani, na nani anasimamia ukarabati? Aidha, kabla ya kubomoa ukuta au kugeuza nyumba kuwa duka, ni lazima kupata idhini ya kaunti. Ukuta wa duka la chini huenda ndio unaobeba makao ya jirani aliye juu.